Kuzoea Joto na Baridi Ni Kazi ya Siku Nyingi

Miaka michache iliyopita nilimuua samaki kwa haraka zangu mwenyewe. Nilikuwa nikifuga samaki watatu wa dhahabu katika tangi la kioo lililokaa karibu na dirisha, na maji yao yalikuwa yamepata joto taratibu kwa wiki kadhaa. Siku ya kusafisha tangi niliwatoa, nikawatia moja kwa moja katika ndoo ya maji baridi, kisha nikaendelea kusugua kioo. Niliporudi nilimkuta mmoja amelala ubavu, matamvua yakifunguka na kufungika kwa shida, na jioni haikumkuta hai. Inawezekana kwamba klorini nayo ilichangia, kwa kuwa sikuwa nimeyaacha maji yakae kwanza, na sitaki kuisingizia baridi peke yake. Hata hivyo, kifo hicho ndicho kilichonifanya nianze kusoma namna viumbe wanavyozoea mabadiliko ya halijoto, na jambo la kwanza nililolikuta lilinishangaza: baridi ya ndoo ile haikuwa imepita kiwango ambacho samaki wa aina ile anaweza kukistahimili. Samaki wa dhahabu huweza kuishi katika maji yaliyokaribia kuganda, na huweza kuishi pia katika maji ya nyuzi 35 za Selsiasi. Asichoweza ni kurushwa kutoka hali moja hadi nyingine kabla mwili wake haujapata siku za kujitengeneza upya.

Kiswahili hulitumia neno kuzoea kwa mambo mengi. Mtu huzoea kelele, huzoea kazi ngumu, huzoea hata karaha, na mara nyingi tunamaanisha tu kwamba moyo umekubali na ulimi umeacha kulalamika. Kuzoea ninakokuzungumzia hapa ni mwili wenyewe kubadilisha vifaa vyake: mafuta yaliyomo katika tando za seli, wingi na aina ya protini, kiasi cha damu, chumvi ya jasho. Vilevile kunatofautiana na mageuko, ambayo huchukua vizazi, kwa kuwa katika mageuko wenye jeni zinazofaa huacha watoto wengi kuliko wengine mpaka ukoo mzima ukabadilika. Katika kuzoea, kiumbe ni yuleyule na jeni ni zilezile. Kinachobadilika ni jeni zipi zinatumika na kwa kiasi gani, na hali ya hewa ikirejea ilivyokuwa, mwili nao hurejea.

Aliyelipima jambo hili kwa makini katika samaki ni mwanasayansi wa Kanada aitwaye F. E. J. Fry, ambaye katika miaka ya 1940 alifanya kazi na wenzake katika Chuo Kikuu cha Toronto. Waliwaweka samaki wa dhahabu katika maji ya viwango mbalimbali vya halijoto mpaka wakazoea, kisha wakatafuta ni joto gani na baridi gani vinawaua. Waliona kwamba kila maji ya makazi yalipopanda kwa nyuzi 3, joto la kuua lilipanda kwa takriban nyuzi 1. Lakini mpaka wa upande wa pili nao ulisogea. Samaki aliyezoea joto alikufa katika baridi ambayo mwenzake aliyezoea baridi aliiona kuwa ya kawaida. Hapo ndipo nilipoielewa ndoo yangu: wiki zile za joto zilikuwa zimewapa samaki wangu uwezo wa kustahimili joto zaidi, na wakati huohuo zilikuwa zimewapunguzia uwezo wa kustahimili baridi, na mimi sikuwa na habari.

Wafugaji wa samaki hushauriana kuuacha mfuko wa samaki mpya uelee juu ya maji ya tangi kwa dakika ishirini hivi kabla ya kumfungulia. Ni ushauri mzuri, ila jina la kuzoesha wanalolitumia haliko sahihi kabisa. Dakika ishirini zinatosha kusawazisha maji ya mfuko na maji ya tangi ili samaki asipate mshtuko wa ghafla. Hazitoshi kubadilisha mwili wake. Mwili wa samaki huhitaji siku kadhaa, na mara nyingine wiki, nao kwa kawaida hulizoea joto upesi kuliko unavyoizoea baridi, kwa sababu ujenzi wote wa ndani hufanywa na mifumo ambayo yenyewe hupunguza mwendo mwili unapopoa.

Ujenzi wenyewe ni upi? Nianze na utando wa seli, kwa kuwa ndipo nilipopapenda zaidi. Kila seli imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta, na utando huo sharti uwe laini kwa kiasi maalumu: ukilegea kupita kiasi seli huvuja, ukikakamaa protini zilizopachikwa ndani yake haziwezi kujongea wala kufanya kazi. Yeyote aliyewahi kuwa na chupa ya mafuta ya nazi analijua tatizo hili bila kufundishwa. Mafuta hayo huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, kwa hiyo siku ya joto humiminika kama maji, na siku ya baridi hugeuka jiwe jeupe chupani, ilhali mafuta ya alizeti yaliyokaa kando yake bado ni majimaji. Tofauti imo katika umbo la molekuli. Minyororo ya asidi za mafuta ya nazi kwa sehemu kubwa imenyooka, hivyo hupangana kwa kubanana kama kuni zilizofungwa vizuri. Minyororo ya mafuta ya alizeti ina mahali palipopinda, na kuni zilizopinda hazifungiki tita likakaza.

Seli hutumia siri hiyohiyo. Halijoto inaposhuka, vimeng'enya maalumu, yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemia, huanza kuipinda minyororo ya mafuta katika utando, au minyororo mipya inayotengenezwa huwa imepinda tangu mwanzo, mpaka ulaini unarudi karibu na ulivyokuwa. Halijoto inapopanda, kazi hugeuzwa, na minyororo iliyonyooka huongezeka. Mnamo 1974 Michael Sinensky alionyesha jambo hili katika bakteria wa aina ya Escherichia coli: alipowakuza katika viwango tofauti vya halijoto na kuzipima tando zao, kila kundi katika halijoto lilimokuzwa, ulaini ulikuwa karibu sawa. Naliona jambo hili kuwa la ajabu kwa sababu bakteria hana ubongo wala neva, na bado anautunza ulaini wa utando wake kama fundi anayekaza na kulegeza nyuzi za ala mpaka sauti irudi mahali pake.

Kuna pia suala la kasi. Kasi ya mabadiliko mengi ya kikemia mwilini hupungua kufikia nusu au theluthi kila halijoto inaposhuka kwa nyuzi 10, na kiumbe asiyejitengenezea joto, kama samaki au mdudu, hana njia ya kulikwepa. Anachoweza kufanya ni kuongeza idadi ya wafanyakazi ikiwa kila mfanyakazi amekuwa mzito. Samaki kadhaa wanaokaa katika maji baridi kwa wiki kadhaa huongeza mitokondria, yaani visehemu vya seli vinavyozalisha nishati, katika misuli yao, na samaki wa Ulaya na Asia ajulikanaye kama kapu hubadilisha hata aina ya protini zinazokunja misuli, ili aweze kuogelea vizuri zaidi katika maji ya baridi. Gharama ipo: samaki aliyebadilishiwa misuli kwa ajili ya baridi huwa na shida ya kuogelea vizuri maji yakirudi kuwa ya joto.

Joto kali lina hatari ya namna nyingine. Protini hufanya kazi kwa sababu zimekunjwa katika umbo maalumu, na joto likizidi hukunjuka na kugandamana, kama ute wa yai unavyogeuka mweupe na haurudi tena. Namna seli inavyojilinda na janga hili iligunduliwa kwa bahati, na kisa chake hunifurahisha kila ninapokikumbuka. Mtafiti wa Italia, Ferruccio Ritossa, alikuwa akichunguza kromosomu kubwa zilizomo katika tezi za mate za nzi wa matunda. Mtu mmoja katika maabara akapandisha halijoto ya kabati la kukuzia bila kukusudia. Ritossa alipotazama kwa hadubini aliona kromosomu zimevimba mahali ambapo kwa kawaida hazivimbi, na uvimbe wa namna hiyo ni dalili ya jeni zilizowashwa na kufanya kazi kwa bidii. Alichapisha matokeo hayo mnamo 1962, na ikapita zaidi ya miaka kumi kabla ya wengine kuzitambua, mnamo 1974, protini zilizokuwa zikitengenezwa na jeni hizo. Leo zinajulikana kama protini za mshtuko wa joto, nazo zimepatikana katika bakteria, mimea, wadudu na binadamu.

Kazi yake hufanana na ya mlezi. Hushika protini zinazoanza kukunjuka, huzizuia zisigandamane, huzisaidia kujikunja upya, na zile zisizotibika hupelekwa zikavunjwe. La muhimu kwa habari yetu ni kwamba protini hizi hubaki kwa muda baada ya joto kupita. Kiumbe aliyepitishwa katika joto la wastani kwa muda mfupi, kisha akapewa saa kadhaa za kupumzika, huweza kupona katika joto ambalo lingemuua kama angelikutana nalo bila maandalizi. Katika baridi kuna mfano unaokaribia huo: mwaka 1987 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba nzi wa nyama waliopelekwa ghafla kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri walikufa, lakini waliopozwa kwanza kwa muda mfupi kwenye nyuzi 0 walipona kwa wingi.

Je, wapo viumbe wasio na ulinzi huu? Baadhi ya samaki wa bahari inayozunguka Antaktika wameupoteza uwezo wa kuongeza protini za mshtuko wa joto wanapopashwa moto. Bahari yao hukaa karibu na nyuzi 1.9 chini ya sifuri karibu mwaka mzima, na damu yao ina protini zenye sukari zinazozuia chembe za barafu zisikue, jambo lililofafanuliwa na Arthur DeVries katika miaka ya 1960. Katika makazi yasiyobadilika kwa mamilioni ya miaka, kifaa kisichotumika hupotea bila anayekililia. Samaki hao walipopimwa, walikufa maji yalipofika nyuzi 6 hivi. Lakini hata wao, walipowekwa kwenye nyuzi 4 kwa wiki kadhaa, waliweza kustahimili joto kidogo zaidi kuliko mwanzo. Nilitarajia kwamba hawangekuwa na nafasi yoyote ya kusogea, nikakosea.

Binadamu, ambaye huweka joto la ndani karibu na nyuzi 37 popote alipo, huzoea kwa namna ya kuulinda mwili usitoke hapo. Mtu anayeanza kufanya kazi ngumu katika joto kali siku ya kwanza moyo humwenda mbio, jasho huchelewa kutoka, kichwa humzunguka. Akirudia kazi hiyo kila siku kwa saa moja au mbili, ndani ya wiki moja hadi mbili anakuwa kama mtu mwingine. Katika siku za mwanzo kiasi cha plazima, yaani majimaji ya damu, huongezeka, kwa hiyo moyo hupata damu ya kutosha kwa ngozi na kwa misuli pamoja, na mapigo hupungua. Kisha jasho huanza kutoka mapema zaidi na kwa wingi zaidi, na tezi za jasho, zikiongozwa na homoni ya aldosteroni, huirudisha mwilini sehemu kubwa ya chumvi kabla jasho halijafika juu ya ngozi. Ndiyo maana jasho la mtu aliyezoea joto huwa na chumvi kidogo kuliko la mgeni, ingawa ni jingi zaidi.

Migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, ambayo ni mirefu na yenye joto na unyevu mwingi, iliyajua haya kwa njia chungu, kwani wachimbaji wapya walikuwa wakifa kwa joto. Ikawa desturi katika karne ya 20 kuwaweka wafanyakazi wapya katika vyumba vya joto juu ya ardhi, wakipanda na kushuka ngazi fupi kwa mwendo uliopangwa kwa siku kadhaa kabla ya kuteremshwa chini. Siwezi kuisoma habari hiyo bila kufikiri juu ya mfumo wa kazi uliowaweka watu mahali pale, lakini somo la kifiziolojia lililotoka humo bado linatumika kwa wanariadha, wanajeshi na wajenzi. Nalo lina upande wake wa pili: mtu akiondoka katika joto, faida yote huyeyuka ndani ya wiki chache. Anayerudi kazini baada ya likizo ndefu anarudi akiwa mgeni, hata kama amefanya kazi hiyo miaka ishirini.

Kwa baridi sisi ni wanafunzi wavivu zaidi, kwa sababu nguo na nyumba hutufanyia kazi. Panya wanaowekwa katika baridi kwa wiki kadhaa huacha kutetemeka, ingawa mwili wao unaendelea kutengeneza joto jingi. Wanalipata kutoka katika mafuta ya kahawia, ambayo mitokondria zake zina protini inayoiacha nishati igeuke joto badala ya kuihifadhi. Watoto wachanga wa binadamu wana mafuta hayo, na kwa muda mrefu iliaminika kwamba watu wazima wamebakiwa na kiasi kisicho na maana, mpaka mwaka 2009 tafiti kadhaa zilipoonyesha kwamba watu wazima wengi wanayo, hasa shingoni na juu ya mifupa ya mtulinga, na kwamba hufanya kazi zaidi mtu anapokaa katika baridi.

Mimea ndiyo iliyonifundisha unyenyekevu, kwa kuwa haiwezi kukimbia. Yeyote aliyepanda bustani anajua kwamba miche iliyolelewa kivulini huzoeshwa jua kidogo kidogo kabla ya kuhamishwa, na kwamba anayeharakisha huikuta imenyauka. Miti ya nchi za kaskazini imeifikisha kazi hii mbali kupita kiasi. Tawi la mti wa huko likikatwa katikati ya majira ya joto hufa kwa baridi ya nyuzi chache tu chini ya sifuri. Mtafiti wa Japani, Akira Sakai, alionyesha mwaka 1960 kwamba vitawi vya miti kadhaa vilivyokwisha kukomaa kwa ajili ya baridi, vikigandishwa polepole kwanza, huweza kuwekwa katika nyuzi 196 chini ya sifuri na kubaki hai. Mti hauanzi kujiandaa baridi inapofika. Huanza kwa kusoma urefu wa mchana, ambao unapofupika hutangaza yanayokuja, na ndipo baridi ya wastani ya vuli humalizia kazi. Sukari huongezeka ndani ya seli, maji husogezwa nje ya seli ili barafu ikae mahali isipoweza kupasua kitu, na tando hubadilishwa kama nilivyoeleza.

Kazi hiyo huchukua wiki nyingi kujengwa na siku chache kubomoka. Siku kadhaa za joto lisilo la msimu zikija mwishoni mwa baridi, machipukizi huamini kwamba hatari imekwisha, na baridi kali ikirudi huyaua, ingawa mwezi mmoja nyuma yangeistahimili bila shida. Kipimajoto kitaonyesha namba ileile; kilichobadilika ni mti.

Ni rahisi baada ya kusoma haya kudhani kwamba kuzoea humfaa kiumbe daima. Mwaka 1994 watafiti Leroi, Bennett na Lenski waliijaribu dhana hiyo kwa bakteria. Waliwashindanisha waliozoea nyuzi 32 na waliozoea nyuzi 41.5, na katika joto la nyuzi 41.5, mahali ambapo ungetarajia wazoefu wa hapo washinde, walioshinda walikuwa wale waliotoka kwenye nyuzi 32. Kukaa katika joto kulikuwa kumewachosha wenzao kuliko kulivyowaandaa. Jonathon Stillman naye alichapisha mwaka 2003 uchunguzi wake wa kaa wadogo wa pwani, na akaona kwamba spishi zinazostahimili joto kali kuliko nyingine ndizo zenye uwezo mdogo zaidi wa kuongeza ustahimilivu huo. Kwangu hili ndilo jambo zito kuliko yote niliyoyasoma, kwa sababu linapindua matarajio: anayeonekana hodari wa joto huenda tayari amesimama ukingoni.

Matumbawe yanaonyesha pande zote mbili. Katika kisiwa cha Ofu, Samoa ya Marekani, kuna vidimbwi vya pwani ambavyo maji yanapokupwa hupata joto linaloweza kupita nyuzi 34, kisha bahari inapojaa hupoa tena. Stephen Palumbi na wenzake walihamisha matumbawe kutoka kidimbwi chenye joto la wastani hadi kile chenye joto kali, na kwa mujibu wa ripoti yao ya 2014, katika muda usiofika miaka miwili yalikuwa yameongeza ustahimilivu wake kwa kiasi kikubwa. Lakini angalia namna joto la vidimbwi hivyo lilivyo: linapanda saa chache, linashuka, na matumbawe yanapata nafasi ya kujitengeneza. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu Mwamba Mkuu wa Australia ulionyesha kwamba sehemu nyingi za mwamba huo hulindwa na mpangilio unaofanana na huo, kwa kuwa kabla ya joto kali la mwaka huja joto dogo, likifuatiwa na siku za kupoa. Bahari ikiongezeka joto kwa nusu nyuzi tu, katika sehemu nyingi joto lile dogo linakuwa tayari limevuka kiwango cha kuumiza, na matumbawe yanalikuta joto kali yakiwa yameshajeruhiwa na la kwanza.